Chui Milia wa Siberia: Haogopi Baridi, Anaogopa Njaa

Je, msomaji, ungefanyaje ukiamka alfajiri ukute theluji imefika magotini, mto umeganda na baridi ni nyuzi 30 chini ya sufuri? Bila shaka ungerudi chini ya blanketi. Chui milia wa Siberia hana blanketi, na ni lazima atoke akawinde.

Wengi humjua chui milia kama mnyama wa misitu ya joto ya Bara Hindi. Lakini anaye ndugu aishiye mashariki ya mbali ya Urusi, hasa katika milima ya Sikhote-Alin, na wachache ng'ambo ya mpaka, kaskazini mashariki mwa Uchina.

Maumbile yamemwandaa vyema. Majira ya baridi yakifika, manyoya yake hurefuka na kuwa mazito. Chini ya ngozi ya tumbo na mbavu huweka akiba ya mafuta. Tofauti na dubu, yeye halali msimu mzima. Na kwa kuwa theluji nyingi humchosha, hupenda kupita juu ya mito iliyoganda na njia zilizokwisha kukanyagwa na wanyama wengine.

Taabu yake kubwa ni chakula. Jike mmoja huhitaji eneo la karibu kilomita mraba 400, zaidi ya mara tatu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dume huhitaji kubwa zaidi. Humo huwanyemelea nguruwe mwitu na kulungu hadi awe karibu, kisha huruka. Mara nyingi windo humponyoka. Mwenye taabu zaidi ni mama, kwani watoto humtegemea kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Sasa tazama mambo yanavyofungamana. Nguruwe mwitu hunenepa kwa kula mbegu za msonobari wa Korea, mti ambao mbao zake zina soko kubwa. Misonobari ikikatwa, nguruwe hupungua. Nguruwe wakipungua, chui milia huingia vijijini kutafuta mbwa na ng'ombe, na huko hukutana na bunduki.

Katika miaka ya 1940 walikuwa wamebaki karibu 40 tu mwituni. Mwaka wa 1947 serikali ya Kisovieti ikapiga marufuku kuwawinda, nao wakaanza kuongezeka. Baada ya dola hiyo kuvunjika mwaka wa 1991, majangili waliwaandama kwa ajili ya ngozi, na mifupa itumiwayo kutengenezea dawa za kienyeji Uchina. Hata hivyo, leo wamepita 500. Isitoshe, mwaka wa 2010 Urusi ilipiga marufuku ukataji wa msonobari huo kwa biashara.

Wahenga walisema mti ukifa shina, na tanzu hukauka. Anayetaka kumlinda chui milia hana budi kuulinda msonobari kwanza.