Kichupa Chini ya Mto

Mkoba unaoshuka kutoka Mbololo kwenda kumwona mgonjwa hospitalini Voi una vitu vyake vya kawaida: chupa ya uji, leso iliyofuliwa, machungwa mawili matatu. Chini kabisa huenda kuna kichupa cha mafuta ya mkaratusi au mkebe wa Vicks. Mgonjwa atapakwa kifuani, atanusishwa kidogo, kisha kichupa kitafichwa chini ya mto na nesi wa zamu hatajua lolote. Jamaa hawana nia mbaya. Wanaogopa kukaripiwa tu.

Harufu yenyewe mimi sina ugomvi nayo. Neva ya kunusa hupeleka habari zake moja kwa moja hadi sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho habari za macho na masikio hupitia. Ndiyo maana mtu aliyelala siku nyingi kwenye wodi inayonuka dawa ya kuoshea sakafu akivuta harufu ya mchaichai, uso hubadilika kabla hajasema neno. Tafiti nyingi za hospitali zimeona wagonjwa walionusishwa lavenda wakipungukiwa na wasiwasi. Tatizo ni kwamba nyingi ni ndogo, na haiwezekani kumficha mtu kile anachonusa, kwa hiyo ni vigumu kujua ni mafuta yaliyomtuliza au ni yule aliyemjali akamletea.

Mentholi ni mfano mzuri. Ukiinusa huku umebanwa na mafua, unaapa kwamba pua imefunguka. Wataalamu wa Cardiff, Uingereza, walipopima hewa inayopita puani waliikuta ileile. Mentholi huamsha vipokezi vya neva vinavyohisi baridi, na ubongo ukihisi ubaridi huo hudhani hewa imeongezeka. Kwa mtu mzima mwenye mafua, danganyo hilo ni faraja, wala halina ubaya. Kwa anayehema kwa shida kwa sababu ya nimonia, laweza kumchelewesha kuomba msaada.

Kwa kichefuchefu, ushahidi wenye nguvu zaidi umeangukia kitu ambacho hakuna duka la manukato linaloweza kujivunia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 100 wa dharura, ulionyesha kwamba kunusa kipande cha pamba chenye spiriti ya isopropili kulishinda kidonge cha ondansetroni, dawa ya kuzuia kichefuchefu. Ni kile kipamba cha kufutia ngozi kabla ya sindano. Mapitio ya tafiti kuhusu kichefuchefu baada ya upasuaji, yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka huohuo, yalikuta ushahidi dhaifu kwa mafuta ya kunukia yenyewe.

Sasa tuje kwenye kichupa. Vilima vya Taita vina mikaratusi mingi iliyopandwa kando ya mabaki ya msitu wa asili, na kuchemsha majani yake, kujifunika blanketi na kujifukiza ni jambo ambalo wengi wamelikuta nyumbani. Wakati wa korona, Tanzania ilikwenda mbali zaidi: Rais Magufuli aliwahimiza watu wajifukize, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikawa na mahali pa kufanyia hivyo. Mwaka 2020 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walikuwa wanahesabu watoto walioungua kwa maji ya moto ya kujifukizia.

Sufuria ya majani na kichupa cha dukani ni vitu viwili tofauti. Majani ya mkaratusi hutoa mafuta yapata asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake, kwa hiyo mililita 10 zimebeba nguvu ya mamia ya gramu za majani, hata karibu kilo. Mtoto akimeza mililita chache tu anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Kafuri, iliyomo kwenye Vicks, ni hivyohivyo. Vicks hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na mentholi ikipakwa puani mwa kichanga yaweza kumziba koo ghafla. Ukiona bibi anamsogezea mjukuu wa wiki tatu kidole chenye mafuta kwenye tundu la pua, huo ndio wakati wa kumshika mkono, kwa adabu zote.

Pwani kuna sababu nyingine ya tahadhari. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hupatikana zaidi mahali penye historia ya malaria, Pwani ya Kenya ikiwemo. Kichanga mwenye upungufu huo akipakwa kafuri au mentholi, au nguo zake zikihifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, chembe zake nyekundu za damu zaweza kupasuka na akapata umanjano mkali unaoweza kudhuru ubongo.

Kwa mtu mzima, kipimo cha kukanda mwili ni hesabu rahisi: matone 6 katika mililita 30 za mafuta ya nazi au alizeti, yaani takriban asilimia 1. Asipakwe mafuta hayo usoni mgonjwa mwenye mpira wa oksijeni puani, maana mafuta na oksijeni ni hatari ya moto. Mwenye pumu kitanda cha pili naye ana haki yake: hewa ya wodi ni ya wote, na tone moja kwenye kitambaa cha mgonjwa mmoja ni bora kuliko mashine ya kutoa mvuke chumba kizima. Tena joto la Voi halisaidii. Mafuta yakikaa wazi penye joto huungana na oksijeni na kutengeneza kemikali zinazowasha ngozi, kwa hiyo kichupa kiwe cheusi, kifungwe vizuri na kitupwe kikizeeka.

Usafi nao usidharauliwe. Mwaka 2021 manukato ya kupulizia yenye lavenda, yaliyotengenezwa India na kuuzwa Marekani, yalikutwa na bakteria wa ugonjwa uitwao melioidosisi. Watu wanne waliugua katika majimbo manne, wawili wakafa. Ukipulizia kitu kama hicho wodini, unapulizia bakteria hewani mwa watu ambao kinga yao tayari imechoka.

Ndiyo maana ningependa nesi aulize waziwazi, kama anavyouliza kuhusu mzio wa dawa: mna mafuta gani, mmepaka wapi? Jibu liandikwe kwenye faili. Jamaa akijua hatakaripiwa, kichupa kitatoka chini ya mto.

Kenya ina mfano wa mmea kupitia mlango wa mbele. Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru wakishirikiana na watafiti wa kituo cha icipe walitengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub kutokana na aina ya mrehani wa kunukia, ikasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na kikundi kikapata Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Mrehani huo una kafuri nyingi, kwa hiyo kichanga hapakwi hata hiyo.