Kano: Chanjo Iliyokataliwa na Somo la Kushauriana

Wako wapangaji wa huduma za afya ambao, wananchi wanapoikataa huduma, huharakia kusema kuwa tatizo ni ujinga. Kauli hiyo ni nyepesi, na mara nyingi si ya haki. Ndugu msomaji, tutazame yaliyotokea katika jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako wakazi wengi ni Waislamu.

Mwezi Agosti 2003, serikali ya jimbo hilo ilisimamisha chanjo ya polio, maradhi yanayopoozesha watoto. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba matone yale yametiwa dawa ya kuwafanya mabinti wasizae. Uvumi huo haukuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mizizi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya mjini Kano. Jaribio hilo lilihusisha watoto wagonjwa wapatao 200. Kati yao 11 walifariki, na baadhi ya wazazi walilalamika kuwa hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Isitoshe, watu waliuliza: imekuwaje matone haya yaletwe bure hadi mlangoni, ilhali zahanati haina hata dawa ya malaria? Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu, na lilistahili jibu.

Gharama ya kutoelewana ililipwa na watoto. Nchini Nigeria waliougua polio walikuwa 355 mwaka 2003. Mwaka 2004 wakafikia 782. Chanjo ilirejea Kano Julai 2004, baada ya mazungumzo na viongozi wa dini na wa jadi, na baada ya kukubaliwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Lakini madhara yalikwisha kuvuka mipaka. Mwaka 2005, virusi vyenye asili ya Nigeria viliibuka huko huko Indonesia, ambako polio ilikuwa haijaonekana kwa takriban miaka 10.

Kilichobadili hali si amri. Mwaka 2009 iliundwa kamati ya viongozi wa jadi wa kaskazini ili kusimamia huduma za afya ya msingi, naye Sultani wa Sokoto akawa mstari wa mbele. Baadaye wanawake wa mitaa ile ile walifundishwa kuwatembelea akina mama majumbani, mahali ambapo mwanamume mgeni hapaswi kuingia. Waliopoozeshwa na polio walishiriki kuwaelimisha wazazi. Zikaanzishwa pia kambi za afya, ambamo mzazi alipata chanjo ya mwanawe pamoja na tiba ya maradhi mengine. Lile swali la zahanati tupu likaanza kujibiwa kwa vitendo. Tarehe 25 Agosti 2020, kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena virusi pori vya polio.

Nasi tuna la kujifunza. Kamati za misikiti na jumuiya zetu huandaa siku za kupima afya bure, kisha hushangaa waliofika ni wachache. Je, akina mama waliulizwa ni saa ngapi wanaweza kuacha shughuli zao? Yupo muuguzi wa kike wa kuwapima? Atakayekutwa na shinikizo la damu atapata wapi dawa mwezi ujao? Na siri yake italindwa na nani? Mpango usio na majibu ya maswali haya hautavutia watu, hata matangazo yake yakisomwa kila Ijumaa.

Imo katika Qur'ani Tukufu sura iitwayo Ash-Shura, yaani mashauriano. Kumwita mtu asikilize mpango uliokwisha kamilika si kushauriana naye. Aulizwe mapema, wakati jibu lake bado linaweza kubadili jambo. Hapo ataiona huduma kuwa ni yake, naye atakuja bila kusukumwa.