Chumba cha Watu Wawili: Ndugu Ndani ya Hoteli ya Kifahari ya Karibi

Bei ya hoteli ya kifahari katika visiwa vya Karibi hutajwa kwa namna moja karibu kila mahali: kiasi fulani kwa kila mtu, kwa usiku mmoja, watu wawili wakilala chumba kimoja. Anayekwenda peke yake huongezewa, na nyongeza hiyo mara nyingine hukaribia kulipia nafasi ya mtu ambaye hakuja. Kwa hiyo hata kabla hujazitazama picha za bahari, hoteli imeshataka kujua mwenzako ni nani. Wengi hujibu kuwa ni mume, mke au mchumba. Wapo wachache wanaokwenda na ndugu yao, na naamini hao ndio wenye nafasi nzuri ya kuelewa hoteli hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu wanakaa ndani ya kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yao.

Mimi nilikwenda Saint Lucia na dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi Toronto, mimi nafanya kazi Tanga. Yeye hulipwa kwa dola za Kanada, mimi kwa shilingi. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana misibani na harusini tu, katika nyumba zilizojaa watu, ambako hakuna anayepata nusu saa ya kukaa na mwenzake. Aliposema tukutane mahali pasipo na sufuria ya kuinjika wala mgeni wa kupokea, nilikubali. Hoteli yenyewe sitaitaja, maana ninachotaka kueleza ni mfumo, nao ni mkubwa kuliko hoteli moja.

Mfumo wa kulipa mara moja kwa kila kitu, yaani chumba, chakula, vinywaji na michezo, haukuzaliwa Karibi. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Med kwa mahema katika ufuo wa Alcúdia, kisiwani Mallorca. Alitaka mgeni asahau pochi yake kwa muda wote wa mapumziko. Baadaye hata vinywaji vya baa vililipiwa kwa shanga. Jamaika ililichukua wazo hilo ikalipa sura nyingine. Mwaka 1978 John Issa alifungua Couples huko Ocho Rios, hoteli ya kupokea watu wawili wawili tu. Mwaka 1981 Gordon “Butch” Stewart, aliyekuwa akijulikana kwa biashara ya viyoyozi, alifungua Sandals ya kwanza Montego Bay.

Miaka ile inaeleza mengi. Jamaika ilitangaziwa hali ya hatari mwaka 1976, na katika vurugu za mwaka wa uchaguzi wa 1980 mamia ya watu waliuawa. Watalii wa Marekani waliogopa kutembea mitaani. Hoteli ambayo mgeni hana haja ya kutoka nje ya geti lake ilikuwa jibu la hofu hiyo, na hofu ilipopungua geti lilibaki. Uamuzi wa kupokea wawili wawili nao una hesabu yake. Watu wazima wawili wanakadirika kwa urahisi: kitanda kimoja, meza ndogo, kiwango cha chakula na pombe kinachojulikana, hakuna bwawa la watoto wala yaya. Fungate haingoji likizo ya shule. Mwaka 1997 Sandals ilianzisha chapa ya Beaches kwa ajili ya familia, lakini familia inayofikiriwa humo ni wazazi na watoto wao. Ndugu wawili watu wazima hawakupangiwa mahali.

Utaligundua hilo mara tu mlango wa chumba unapofunguliwa. Kitanda ni kimoja, kipana, kimetandazwa petali za maua. Mapokezi wamewapongezeni kwa ndoa. Meza ya chakula cha jioni ina mshumaa na viti viwili vilivyosogezwa karibu. Bafu, katika hoteli nyingi za aina hii, halina mlango, au lina ukuta wa kioo. Jade Mountain, mojawapo ya hoteli mashuhuri zaidi za Saint Lucia, imejenga vyumba visivyo na ukuta wa nne kabisa, ili aliyelala aone bahari na vilele vya Piton bila kizuizi. Ni usanifu wa kuvutia sana kwa waliooana.

Kwa dada wawili mambo haya yanarekebishika. Unaomba vitanda viwili, na unaomba kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa kuwa si kila daraja la chumba linavyo; mara nyingi vyumba vya upande wa bustani vina vitanda viwili, vya mbele ya bahari vina kimoja. Kwa kaka na dada suala ni zito zaidi. Kwetu pwani kaka na dada waliokwisha kubaleghe hawalali chumba kimoja, sembuse chumba kisicho na mlango wa bafu. Watachukua vyumba viwili, na kila kimoja kitatozwa nyongeza ya mtu mmoja, hivyo unafuu wote wa kwenda wawili unapotea. Ningewashauri watafute nyumba ndogo yenye vyumba viwili vya kulala ndani ya eneo la hoteli. Zipo, ila hazitangazwi kama vinavyotangazwa vyumba vya fungate.

Kitanda na bafu ni mambo madogo yakilinganishwa na fedha. Ndugu wenye vipato tofauti wakisafiri pamoja, kila kikombe cha chai kina uzito. Mwenye nacho akilipa kila mara, mwenzake anageuka mgeni wake, na mgeni hachagui sana. Anaagiza chakula cha bei ya chini kuliko anachokitaka. Anasema hana njaa. Siku akisema leo nalipa mimi, mwenye nacho anamwonea huruma, anakataa, na kukataliwa huko kunauma kuliko deni. Katika familia zetu jambo hili lina historia ndefu nyuma yake. Ndugu aliyeko ng'ambo ndiye aliyetuma ada, akalipa hospitali, akachangia bati za nyumba ya mama. Anapoketi mezani na mdogo wake, miamala yote ile inaketi pamoja nao hata kama hakuna anayeitaja.

Hoteli ya bei moja inalivunja hilo kwa njia ambayo sikuitarajia. Dada yangu alilipa mara moja, miezi kabla, nami sikuwepo kuona. Tulipofika tulivalishwa bangili zinazofanana, na tangu hapo hakukuwa na bili ya kuletwa mezani, wala macho ya kukwepana. Niliagiza samaki sahani ya pili bila kumtazama. Yeye naye, kwa kuwa hakuwa akinilipia kitu saa ile, aliweza kuniambia mambo ambayo nyumbani yangesikika kama kudai: kwamba sehemu kubwa ya fedha alizokuwa akituma ilitoka kwenye zamu za usiku za ziada, kwamba magoti yanamsumbua, kwamba kuna mwaka alikopa ili mdogo wetu asirudishwe nyumbani kutoka shule. Nilisikia mambo hayo kwa mara ya kwanza. Sitaki mtu audharau usawa huo eti kwa sababu ulinunuliwa. Kwetu ulikuwa wa kweli, na sijui mahali pengine ambapo tungeupata.

Hata hivyo, bei ileile iliyotupatanisha ndiyo inayomzuia mgeni asitoke. Ukishalipia chakula cha mchana ndani, kula mjini ni kulipia mara mbili. Kila hatua nje ya geti inaonekana hasara, kwa hiyo hutoki, na mama mwenye mgahawa mdogo katika mji wa Soufrière anakuona ukipita ndani ya gari tu. Fedha yenyewe ililipwa Toronto. Sehemu imechukuliwa na shirika la ndege, sehemu na wakala wa safari, na ile iliyofika hotelini inatoka tena kununua nyama, mvinyo na matufaha kutoka nje. Mpishi mkuu anahitaji nyanya za ukubwa mmoja, siku ileile ya wiki, msimu wote. Mkulima mdogo wa milimani hawezi kuahidi hivyo bila barabara, mkopo na ghala la baridi. Mishahara na kodi hubaki kisiwani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini baadhi ya hoteli hizi hukataza hata bakshishi, kwa hoja kwamba imo ndani ya bei.

Saint Lucia haikuingia katika mfumo huo kwa uzembe. Ni nchi ya kilomita za mraba 617, iliyopata uhuru mwaka 1979, na imewahi kutegemea zao moja baada ya jingine. Miwa iliachwa katika miaka ya 1960. Zikafuata ndizi, zilizouzwa Uingereza kwa upendeleo uliolindwa na Mkataba wa Lomé, mkataba uleule ambao Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mwaka 1975. Marekani na nchi za Amerika ya Kusini na Kati zilizokuwa na mashamba makubwa ya ndizi zikalalamika, na mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba utaratibu wa Ulaya wa kuingiza ndizi ulivunja kanuni zake. Upendeleo ukapunguzwa, wakulima wengi wakaacha. Watalii wakabaki kuwa zao kuu.

Sir Arthur Lewis, mzaliwa wa Castries, Saint Lucia, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1979, aliandika mwaka 1950 kwamba visiwa hivi, vyenye watu wengi na ardhi haba, vialike mtaji wa nje ujenge viwanda, huku wenyeji wakijifunza kazi mpaka waweze kuendesha wenyewe. Mtaji ulikuja, ila ulijenga zaidi hoteli. Kipimo chake bado kinafaa: wenyeji wamejifunza na kushika usukani? Kwa Jamaika jibu si baya, maana Issa na Stewart walikuwa Wajamaika. Kwa mashamba ya visiwa ambako hoteli zimejengwa, jibu linakatisha tamaa.

Mwana mwingine wa Castries, mshairi Derek Walcott, alipinga hadharani hoteli iliyokuwa ikijengwa bondeni kati ya milima ya Gros Piton, wenye mita 771, na Petit Piton, wenye mita 743. Kwake mahali hapo palikuwa na utakatifu ambao hauuzwi. Ardhi iliwahi kuwa mikononi mwa Lord Glenconner, Mwingereza aliyenunua kisiwa cha Mustique mwaka 1958 na kumpa Binti Mfalme Margaret kiwanja huko kama zawadi ya harusi yake ya 1960. Hoteli ilijengwa, Walcott akapata Nobel yake mwaka 1992, na mwaka 2004 UNESCO ikaiingiza milima hiyo katika Urithi wa Dunia. Nimesimama bondeni pale na naelewa hasira yake. Naelewa pia kijana wa Soufrière anayekwenda kibaruani hapo kila asubuhi.

Mabishano haya si mageni kwetu. Mapema miaka ya 1970 wanafunzi na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijibizana kama nchi ya Ujamaa ijenge hoteli za watalii au la, na Issa Shivji akayakusanya maandishi yao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Walter Rodney, mtoto wa Guyana katika Karibi, alikuwa akifundisha chuoni hapo. Anayesoma mabishano yale leo akiwa Nungwi au Diani, penye hoteli za mfumo huuhuu wa bei moja, ataona kuwa hoja zao nyingi bado zina kazi.

Kwa hiyo tulitoka nje ya geti la hoteli. Ijumaa jioni kijiji cha uvuvi cha Anse La Raye hufunga barabara ya ufukweni na kuchoma samaki na kamba. Basi dogo la Toyota Hiace lilitupeleka, likikata kona za milima kwa mwendo usiowashangaza abiria wa daladala, redio ikizungumza Kikweyoli, Krioli ya kisiwani. Tuliketi kwenye benchi. Na suala la nani analipa likarudi palepale, safari hii kwa dola ya Karibi Mashariki, iliyofungwa kwenye dola ya Marekani kwa 2.70 tangu mwaka 1976.

Nililipa mimi. Bei ya pale niliimudu, na dada yangu alikula alichoagiza bila kukataa. Ndani ya hoteli tulikuwa sawa, lakini sikuwa na njia ya kumkirimu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa chake tayari. Nje niliweza.

Tangu hapo nawaambia ndugu wanaopanga safari ya namna hii waigawe. Siku za mwanzo wakae ndani, alipie mwenye nacho, walale, wazungumze yaliyokaa miaka. Kisha wahamie nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia, Soufrière au Gros Islet, yenye kifungua kinywa tu, ambako mwenye kipato kidogo anaweza kubeba gharama. Wanunue matunda soko la Castries, wale ndizi mbichi na samaki wa chumvi, chakula ambacho Wasantalucia hukihesabu kuwa cha taifa. Bahari hawatakuwa wameipoteza: fukwe za Saint Lucia ni za umma, na mtu anaweza kuoga mbele ya hoteli ileile aliyoiacha jana, bila bangili mkononi.