Utambuzi wa Galaksi Amilifu Miongoni mwa Vyanzo vya Eksirei kwa Kutumia Mwanga Unaoonekana

Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jina lake ni kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ulioadhimishwa siku hiyo. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Kwa vingi kati yake swali lilibaki wazi: ni kitu gani hasa kinachotoa mionzi hiyo?

Vigunduzi vya Uhuru havikuunda picha. Vilionyesha tu eneo la anga ambamo chanzo kingeweza kuwamo, na eneo hilo mara nyingi lilisheheni nyota na galaksi hafifu. Ukaribu wa mahali, basi, haukuwa ushahidi wa kutosha. Ariel V ya Uingereza, iliyorushwa kutoka jukwaa hilohilo mwaka 1974, ilisaidia kuyapunguza maeneo hayo, na ndipo galaksi za Seyfert zilipodhihirika kuwa kundi kamili la vyanzo vya eksirei.

Uamuzi wenyewe hutolewa na spektra. Gesi inayozunguka shimo jeusi kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde hupanua mistari ya haidrojeni, na upana huo ndio ushahidi ulio bora. Mistari ikiwa myembamba, shaka huzidi, kwa kuwa gesi inayoangazwa na nyota changa nayo hutoa mistari ya namna hiyo. Hapo hupimwa uwiano wa mistari ya oksijeni na naitrojeni kwa ile ya haidrojeni, kwa michoro iliyopendekezwa na Baldwin, Phillips na Terlevich mwaka 1981. Spektra hiyohiyo hutoa mhamo mwekundu, na kutokana nao umbali na nguvu halisi ya eksirei. Nyota ya jirani ikidhaniwa kuwa galaksi, nguvu hiyo hukosewa kwa mara mabilioni.

Hata hivyo, kukosekana kwa dalili katika mwanga hakuthibitishi kwamba kiini kimelala. Mwanga wa nyota za galaksi nzima, ukiingia katika ufa mpana wa spektrografu, huweza kuifunika mistari ya kiini. Vumbi nalo huweza kuizuia kabisa. NGC 4945, inayoonekana kwa ubavu katika anga ya kusini, ni miongoni mwa galaksi za Seyfert zinazong'aa zaidi katika eksirei za nishati kubwa, ilhali uainishaji wa mwanga pekee ungeiweka katika kundi la galaksi zinazozalisha nyota.