HERUFI SABA MEZANI, NENO LIKO WAPI?

Mama mmoja ambaye husikiliza kipindi hiki kila juma alinisimamisha kituo cha basi akanipa dukuduku lake. Binti yake yuko kidato cha pili katika shule ya serikali. Hapo shuleni wameanzisha klabu ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete zenye herufi ili kuunda maneno ya Kiingereza. Kila wakikutana na watoto waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, binti hushindwa, na sasa ameanza kusema hana akili. Mama akaniuliza, je, mchezo huu ni wa wenye Kiingereza chao tu?

La hasha, na ushahidi upo. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali Kifaransa chenyewe hakisemi. Alikaa na kamusi wiki tisa hivi, akakariri. Mwaka 2024 akarudia mambo yale yale kwa Kihispania, huko Granada. Na hatuna haja ya kwenda mbali: mwaka huo huo wa 2015, mjini Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alimfunga Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa bila, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Wanigeria walijulikana kwa kutumia maneno mafupi yanayoziba ubao, badala ya kuhangaikia marefu ya kujionyesha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Herufi saba zilizo tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 5,040. Hakuna kichwa kinachozipitia zote. Kompyuta yenyewe haizipitii. Hufanya jambo rahisi kabisa: huzipanga herufi kwa mfuatano wa alfabeti, kisha hutazama ni maneno gani ya kamusi yenye mpangilio huo. Chukua A, E, L, S, T. Humo mna steal, yaani kuiba, stale, kilichochacha, least, kidogo kuliko vyote, slate, kibao cha kuandikia, na tales, hadithi. Maneno matano, ukoo mmoja. Mabingwa hukariri koo, si neno moja moja. Mtoto mwenye daftari na penseli aweza kuanza leo.

Njia ya pili ni kutenga viambishi. Ukiona I, N na G, ziweke kando upande wa kulia, halafu utazame zilizobaki. Fanya hivyo kwa ED, ER na EST; upande wa kushoto jaribu RE na UN. Herufi saba zikishapungua kuwa nne, mzigo umekuwa mwepesi.

Hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapojikwaa. Neno letu karibu siku zote hukomea kwenye irabu, basi jicho nalo hutafuta irabu ya kumalizia. Kiingereza hufunga neno kwa konsonanti bila haya, tena huzirundika: STR mwanzoni, GHT mwishoni. Mwambie binti, mama, kwanza aweke konsonanti mwishoni, ndipo ajaribu irabu. Hilo peke yake litampa maneno ambayo leo hayaoni.

Kete zenyewe zilihesabiwa kwa Kiingereza. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutokea mara nyingi. Ndiyo maana kati ya kete 100, E ziko 12, na K ni moja tu. Kwa seti hiyo huwezi hata kuandika kaka, isipokuwa utumie kete tupu! S ziko nne, basi asizipoteze kwa kuongeza wingi kwenye neno la pointi tatu. Q ina pointi 10 lakini hutaka U ubavuni. Ikikosekana, akumbuke qat, yaani mirungi, au qi. Na asisahau vyetu: safari, bwana, askari, panga na uhuru yote yamo katika orodha ya maneno yanayokubaliwa.

Lakini nilimwambia mama jambo jingine, na halikumfurahisha sana. Richards alipochukua taji la Kifaransa, alihitaji mkalimani kuzungumza na waliomshangilia. Kupata neno ni kitu kimoja, kulitumia ni kingine, na mtihani wa kidato cha nne hautauliza orodha. Kwa hiyo kila neno jipya binti aliandikie sentensi moja ubavuni. Simu inayotafuta maneno aifungue baada ya kujaribu mwenyewe, si kabla.

Herufi za juma hili, kwa binti huyo na kwa yeyote aliye na penseli kwenye daladala, ni A, E, I, N, R, S, T. Tumieni zote saba. Nataka maneno matatu. Moja lina maana ya kubakiza, moja ni sehemu za jicho, na la tatu ni la mtu mbaya kuliko mwenzake.