Je, Wajua? Gari Lisilo na Mlango wa Buti

Je, wajua kuwa Marekani iliwahi kuuza gari dogo ambalo buti lake halikuwa na mlango? Liliitwa Henry J, kwa heshima ya tajiri Henry J. Kaiser, ambaye viwanda vyake viliunda mamia ya meli za mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Serikali iliikopesha kampuni yake ya Kaiser-Frazer mamilioni ya dola, kwa sharti kwamba itengeneze gari ambalo hata mtu wa kipato cha kawaida angelimudu.

Gari lilizinduliwa mwaka 1950. Ili bei ishuke, karibu kila kilichoonekana cha ziada kiliondolewa. Kwenye matoleo ya mwanzo madirisha ya nyuma hayakufunguka, na mwenye mzigo alilazimika kukunja kiti cha nyuma, kisha ausukumie ndani kupitia mlango wa abiria. Hebu fikiria familia inayosafiri na watoto! Injini, kusema kweli, ilikuwa nzuri: ilitoka Willys, watengenezaji wa Jeep, na haikula mafuta sana.

Tatizo lilikuwa bei yenyewe. Kwa kuongeza pesa kidogo tu, mnunuzi aliondoka na Chevrolet kubwa yenye buti kamili. Mwaka 1952 maduka ya Sears yalijaribu kuuza Henry J kwa jina la Allstate, ikiwa na matairi na betri za chapa yao. Baada ya miaka miwili tu yakaacha. Henry J yenyewe ilikoma 1954. Wakati huo Kaiser alikwishainunua Willys, na Jeep ndiyo iliyoendelea kuuzika.