Kikaguzi cha Msimbo katika Kazi ya Waandishi Wengi

Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa sahihisho la programu ya simu zake. Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja tu, amri ya kuruka, ulioandikwa mara mbili. Mstari wa kwanza ulifungwa na sharti. Wa pili haukufungwa na cho chote, ingawa kwa kuutazama ulikuwa umejipanga chini ya sharti lile lile. Kwa hiyo uthibitisho wa saini uliokusudiwa kufuata uliachwa, na mdanganyifu aliyejiingiza katika mawasiliano angeweza kujifanya benki ya mwenye simu. Jicho la binadamu hupita mahali kama hapo lisishtuke. Kikaguzi kingaliona, maana amri zilizofuata hazikuweza kufikiwa kamwe.

Kikaguzi ni programu isomayo msimbo wa programu nyingine bila kuuendesha. Kile kilichotoa jina kwa jamii yake yote kiliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs mwaka 1978, kwa ajili ya lugha ya C. Alikiita lint, yaani vile vinyuzi vya pamba ving'ang'aniavyo nguo. Wengine siku hizi husema linta, wala hawakosi. Mimi napendelea neno letu.

Wanasarufi watatambua mara moja kwamba hapa pana mambo mawili: kosa la maana, kama lile la mwaka 2014, na kosa la mpangilio, kama nafasi kati ya maneno. Yakipigiwa kelele sawasawa, waandishi huzoea kelele, na onyo la hatari hupotea humo. Ni heri mpangilio uachiwe mashine kabisa. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, ina chombo kiitwacho gofmt ambacho hupanga msimbo chenyewe na hakiulizi sana maoni ya mtu. Ugomvi mwingi usio na faida ulikomea hapo.

Lakini sheria isiyo na mlinzi ni ombi tu. Kikaguzi chaweza kuwekwa katika kompyuta ya kila mwandishi, kabla hajaweka badiliko lake katika kumbukumbu. Huko humsaidia, ila aweza kukikwepa kwa neno moja la amri. Hapana budi kiwekwe pia katika mashine ya wote, na badiliko lisilopita lisiingizwe katika msimbo mkuu. Toleo la kikaguzi nalo litajwe kwa namba, ama sivyo toleo jipya litakataa asubuhi kazi iliyokuwa safi jana jioni. Atakaye kusamehewa kanuni fulani aandike sababu papo hapo, kando ya mstari wenyewe.

Taabu kubwa ni msimbo wa zamani. Kikaguzi kikiletwa siku ya kwanza huenda kikatoa malalamiko maelfu, na watu wakakizima. Wengine hukagua mistari mipya peke yake. Wengine hupanga upya kila kitu kwa siku moja. Njia hii ya pili ilikuwa na hasara: aliyetaka kujua ni nani aliyeandika mstari fulani, na kwa nini, aliona jina la yule mpangaji tu. Tangu mwaka 2019 chombo cha Git chaweza kuambiwa kiyaruke mabadiliko ya namna hiyo, kikamtaja mwandishi wa asili.